Mpiga Simu wa Siku za Mapumziko

Kwenye kitambulisho alikuwa na jina lake kamili, lakini pale redioni hakuna aliyelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, wote walimwita Mama Subiri, kwa sababu ya maneno aliyowaambia watu asubuhi nzima: "Subiri kwenye simu, mpendwa, usikate." Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wasikilizaji wa kipindi cha Zamu Yako, ambamo redio ya umma huwapa wananchi nafasi ya kusema wanavyoiona serikali, bunge, barabara, na lolote linalowakera. Mtangazaji alikaa upande wa pili wa kioo na sauti yake ya asali, akapigiwa makofi na nchi nzima. Lakini nani aingie hewani na nani aachwe nje, hilo lilikuwa la Mama Subiri.

Chumba chake kilikuwa kama stoo. Hakikuwa na dirisha la nje, ila kioo kikubwa kinachotazama studio. Mezani palikuwa na simu yenye vitufe vinavyowaka taa, maikrofoni ndogo ya kumnong'oneza mtangazaji sikioni, na spika za masikioni ambazo sponji zake zilishakwisha zamani, akazishonea vifuniko vya kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Taa ikiwaka anapokea, anamhoji mtu kidogo, kisha anamnong'oneza mtangazaji: "Mama wa sokoni, maji, hasira zake za kweli." Au: "Huyu kalewa, ila ana hoja. Mpe nafasi, lakini kidole kisikae mbali na kitufe."

Nakwambia, kushuku ndiko kulikomweka mjini mama huyu. Watu wa kutumwa aliwanusa kabla hawajamaliza salamu. Wa kutumwa anaanza na "napenda kuchukua fursa hii." Mtu mwenye uchungu wake hachukui fursa yoyote, analipuka tu! Wa kutumwa anataja cheo cha waziri kwa ukamilifu bila kujikwaa, na nyuma yake unasikia karatasi ikigeuzwa. Hao Mama Subiri aliwaambia subiri kwenye simu, mpendwa, usikate, na wakasubiri mpaka kipindi kikaisha.

Na kila mpigaji, hata awe bibi wa kutembelea mkongojo, alimwuliza swali lile lile la kanuni: "Wewe ni mfanyakazi wa redio hii, au unaishi nyumba moja na mfanyakazi?" Wengi walicheka. Yeye hakucheka. Kanuni ilikuwa kali, kwamba mfanyakazi na watu wa nyumbani kwake hawapigi simu kwenye kipindi, kwani redio ni ya umma na haiwezi kujipigia simu yenyewe na kujisifu, wala kujitukana. Alikuwa ameona watu wakiondoka kwa mambo madogo kuliko hayo. Fundi mitambo mmoja alipoteza kazi msimu wa uchaguzi kwa sababu mke wake alionekana dukani na fulana ya chama. Fulana tu jamani, tena ya kudekia!

Basi Mama Subiri akaihamishia kanuni nyumbani. Aliishi na mume wake ghorofa ya tatu, katika jengo la vyumba vingi. Watoto walishakua wakaenda zao, wakabaki wawili wanaotazamana. Mume alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu mpole, wa kufikiri kabla ya kutia neno, na tangu astaafu alikuwa na muda wa kufikiri mpaka ukazidi. Akisoma gazeti akaguna, mke anamtazama. Akifungua mdomo kusema, "Lakini huyu waziri naye..." tayari ameshakatwa.

"Aa-aa. Si hapa, mzee wangu."

"Nasema tu, mama."

"Usiseme tu. Kuta hizi nyembamba, jirani anapiga chafya namwambia afya. Hapa kwangu hakuna chama, hakuna waziri, hakuna bunge."

Naye mzee anakunja gazeti na kuuliza kama maji ya kuoga yamechemka. Ndivyo walivyoishi, na mke aliita ile amani.

Lakini habari za kazini, loo, hizo alizimwaga! Akifika jioni, viatu havijatoka miguuni, ameshaanza: fulani kamkaripia fulani, kipande fulani kimekatwa, mkurugenzi kaja na simu sikioni jasho linamtoka. Yeye hakuona kwamba anatoa siri. Kumwambia mume, kwa hesabu zake, hakukuwa kumwambia mtu. Na siku zake za mapumziko alizima kila kitu. Redio haikuwashwa ndani mwake. "Masikio nayo yana likizo," alisema, akalala mpaka jua likapanda, wakati mume wake akienda kutupa taka. Kutupa taka kwenyewe kulichukua muda kana kwamba anachimba kwanza shimo la kuzifukia. Mke alijua anapiga soga na wazee wenzake kule chini, akageukia upande wa pili.

Kitumbua kiliingia mchanga baada ya mahojiano na waziri wa maji. Mtangazaji alimrekodi waziri studio, na katikati akamwuliza kwa nini mabomba mapya yamepita kwenye mtaa wa mashemeji zake yakaruka mitaa mingine yote. Waziri akakohoa. Akaomba maji ya kunywa, jambo ambalo liliwafanya watu wa chumba cha mitambo waume midomo wasicheke. Mahojiano yaliporushwa hewani, swali halikuwemo, kikohozi hakikuwemo, na waziri akasikika akitiririka jinsi mabomba yake yalivyotakiwa kutiririka. Waliojua kilichokatwa walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, na Mama Subiri alikuwa mmoja wao. Jioni ile alifika nyumbani anafoka. "Wamelikata! Swali zima! Halafu tunajiita redio ya wananchi!" Mume akamsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai.

Siku ya mapumziko ya Mama Subiri ilipofika, mwenzake wa zamu alikaa kwenye simu. Asubuhi hiyo akapiga mtu aliyejiita Msikilizaji wa Zamani. Hewani, mbele ya nchi nzima, akasema kwa utaratibu kabisa: "Mlimwuliza waziri habari za mtaa wa mashemeji zake. Akakosa jibu. Mkalikata swali. Naomba kujua, mnamwogopa nani?" Ikabidi uwekwe muziki.

Hapo ndipo jengo zima lilipogeuka. Watu waliokuwa wakinywa chai pamoja wakaanza kubeba vikombe kwenda navyo mezani kwao. Mtu akiingia, mazungumzo yanakufa, watu wanaanza kusifia viatu vyake. Na Msikilizaji wa Zamani akapiga tena, na tena. Mara akaeleza kwamba maoni ya mhariri ya Jumapili yaliandikwa upya na mtu ambaye si mhariri. Mara akasema mchambuzi fulani wa siasa ameondolewa kwenye ratiba kwa simu kutoka juu. Yote kweli tupu! Na kila mara alipopiga, Mama Subiri alikuwa hayupo kazini.

Hilo lilimnyima usingizi. Zamu zao zilibadilika kila wiki. Mtu wa nje angejuaje siku gani Mama Subiri hayupo? "Anayaogopa masikio yangu," alimwambia mkuu wa vipindi. "Anajua mimi nitamjua. Huyu ni wa humu ndani, Mkuu. Au wa humu ndani anampa ratiba."

Mkuu wa vipindi alikuwa mama mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado aliuliza miwani yake iko wapi. Akafunga mlango kabla ya kujibu.

"Rekodi ya sauti yake imechukuliwa na wakubwa," alisema. "Hata mimi nimepewa maandishi tu. Wanasema asipopatikana huyu mtu, Zamu Yako kinafungwa, wanaweka muziki asubuhi nzima. Na aliyempitisha ataondoka, liwalo na liwe."

Mama Subiri akayasoma maandishi yale. Yalimwasha. Namna ile ya kupanga maneno aliijua, alishaisikia mahali, lakini wapi? Karatasi haina sauti. Akaisoma tena mpaka herufi zikamchezea machoni, na jawabu alilokuja nalo likawa lile alilokuwa akilitaka tangu mwanzo: yule mwenzake wa zamu.

Mwenzake huyo alikuwa mwanamume wa rika la wadogo zake, baba wa mtoto mchanga, ambaye Mama Subiri mwenyewe alimfundisha kazi. Jina lake la utani lilikuwa Kimya. Aliongea na wapiga simu vizuri, kisha maneno yakamwishia. Ukimsalimia, anaitikia. Ukimwuliza habari za nyumbani, anasema nzuri, basi. Mtu gani anafanya kazi redioni na hana la kusema? Isitoshe, watu walinong'ona kwamba aliletwa kwa kikaratasi cha mkubwa. Chakula cha mchana alikula peke yake, tena baada ya kula alikuwa akipotelea kwenye kile chumba cha mwisho cha koridoni kinachowekwa mitambo mibovu, na kujifungia.

Mama Subiri akamfuata. Alivua viatu, akavishika mkononi, mtu mzima na heshima zake, akatega sikio mlangoni. Ndani Kimya alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, taratibu, na kwa mpangilio wa maneno ambao hakuwahi kuusikia kwake.

"Habari za uhakika kutoka ndani ya wizara zinasema mabadiliko yanatarajiwa wiki hii," Kimya alisema mle ndani. Akatulia kidogo. "Vyanzo vyetu vimethibitisha kwamba mkurugenzi ameitwa kutoa maelezo." Akatulia tena, kama mtu anayesikiliza upande wa pili.

Kumbe! Anatoa taarifa! Anampasulia mtu siri zote mchana kweupe, na sisi tunakula wali wetu! Hakubisha hodi. Hakungoja. Aliondoka na viatu vyake mkononi mpaka ofisini kwa mkuu wa vipindi, akaeleza neno kwa neno, na kwa vile alikuwa na kumbukumbu nzuri hakukosea hata moja.

Jioni akamweleza mume wake.

"Tumemkamata," alisema, akijitupa kwenye kochi. "Ni Kimya. Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Mume aliweka kijiko chini. "Una hakika, mama?"

"Kama ninavyokuona."

"Yule mwenye mtoto mchanga?"

"Angemfikiria huyo mtoto kabla. Kesho anasimamishwa kazi."

Mzee alikitazama kile kijiko. Akafungua mdomo, na mke, kwa mazoea yake, akamwinulia kiganja. "Si hapa, mzee wangu. Nimechoka na mambo ya siasa."

Mzee akaufunga.

Kimya akasimamishwa. Alitoka na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake na sweta, na pale getini mlinzi akaupekua mfuko kana kwamba mtu anaweza kuiba redio nzima akaitia kwenye kikombe. Wiki ile, na iliyofuata, Msikilizaji wa Zamani hakupiga. Mama Subiri akatamba. "Si niliwaambia? Mlango umefungwa, na mwizi katoweka!" Watu wakampisha koridoni. Wengine walimpisha kwa heshima, lakini wapo waliompisha kama unavyompisha mtu anayekwenda kukusemea, na hilo aliliona, likamchoma, akajifanya hakuliona.

Kisha Kimya akaitwa kwenye kikao ili ijulikane moja. Walikaa kwenye ofisi ya mkuu wa vipindi: Mkuu mwenyewe, mama wa utumishi na faili lake, Kimya kwenye kiti cha pembeni, na Mama Subiri kama shahidi. Kimya alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi vizuri mno, namna mtu anavyopiga pasi asipokuwa na kazi nyingine.

"Ulikuwa unaongea na nani mle chumbani?" Mkuu akamwuliza.

Kimya akatazama viatu vyake. "Na ukuta, Mkuu."

"Ukuta gani?"

"Nilikuwa najifunza kusoma habari. Mimi nataka kuwa mtangazaji." Aliposema neno hilo masikio yalimbadilika rangi. "Nachukua karatasi za habari zilizokwisha kusomwa, zile zinazotupwa, naenda kuzisoma kule. Natulia pale penye nukta, kama wanavyotulia wao. Sikutaka watu wanicheke."

Mama wa utumishi akapekua faili. Habari za mabadiliko wizarani, mkurugenzi wa mamlaka ya maji kuitwa kutoa maelezo, zote zilishasomwa katika taarifa ya saa saba siku ile ile. Nchi nzima ilishazisikia. Mama Subiri aliyaona macho ya mkuu wa vipindi yakimgeukia.

"Hata kama," alisema haraka, "bado yeye ndiye aliyempitisha yule mtu. Si mara moja!"

"Ndiyo maana tumeomba sauti irudishwe," Mkuu akajibu. "Imerudi leo, pamoja na yale mazungumzo ya kabla ya kuingia hewani. Hakuna mwenye sikio kama lako humu ndani, Mama Subiri. Sikiliza utuambie: huyo mtu unamjua? Kama hajulikani kabisa, basi Kimya alipitisha kitu asichokijua kwa uzembe au kwa makusudi, na leo hii tunaandika barua yake."

Mama Subiri akavaa spika za masikioni. Zilikuwa mpya, laini, si zile zake za kushonea.

Kwanza akasikia simu ikiita. Halafu Kimya, kwa adabu, akisema maneno ambayo yeye Mama Subiri alimfundisha: "Zamu Yako, habari za asubuhi. Wewe ni mfanyakazi wa redio hii, au unaishi nyumba moja na mfanyakazi?" Aliuliza sawasawa, hakuruka hata neno.

"Hapana, bwana," ikajibu sauti ya mume wake. "Mimi mstaafu tu."

Mungu wangu! Aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Aliijua kama anavyojua mlango wake ukifunguliwa. Nyuma ya sauti ile ndoo ya taka iligonga sakafu, na mtoto wa jirani wa ghorofa ya pili alilia kilio chake cha kila asubuhi. Mama Subiri alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Akasikiliza yote. Mkuu alitaka kusimamisha, yeye akamwonyesha kwa kidole aache. Sauti ile ilipita kwenye mabomba, kwenye mashemeji, kwenye maoni ya mhariri, moja baada ya nyingine, bila pupa, na kwa utani mdogo ambao hakujua kwamba mume wake anao. Alikuwa hodari! Angekuwa mtu baki, angempitisha mbio mbio na kumnong'oneza mtangazaji, huyu usimkate. Kila siri aliyoisema, Mama Subiri mwenyewe ndiye aliyempelekea pale kwenye meza ya chakula. Na mwisho wa simu moja mtangazaji alimwuliza, "Mzee, mbona unaongea kwa uchungu hivyo?" Mume wake akajibu, "Kwa sababu ninapoishi sina wa kumwambia."

Alivua spika taratibu. Mkuu na mama wa utumishi walikuwa wakimtazama. Kimya alikuwa ameinama, anasugua goti kwa kiganja, na hakuonekana kutegemea lolote jema kutoka kwake.

Angeweza kusema simjui. Neno moja tu, nalo lingeaminika, kwa sababu sikio lake halikuwahi kubishiwa katika jengo lile. Angebaki kwenye kiti chake na jina lake. Alilishika neno lile ulimini, akaliona jepesi, akaogopa jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Unamjua?" Mkuu akauliza.

"Namjua. Ni mume wangu."

Mama wa utumishi aliacha kuandika.

"Na habari za ndani," Mkuu akasema polepole, "alizipata wapi?"

"Kwangu. Nilizipeleka nyumbani mwenyewe kila jioni. Huyu," akamwonyesha Kimya bila kumtazama, kwa sababu hakuthubutu, "hana kosa. Aliuliza swali kama nilivyomfundisha. Akadanganywa."

Mkuu wa vipindi alivua miwani ya machoni, akasahau ya kichwani, akakaa hivyo hivyo. Alimwambia aache kitambulisho mezani, aende nyumbani, barua itamfuata. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Koridoni Mama Subiri akamkimbilia Kimya. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea sana."

Kimya alisimama. "Dada," alisema, "ulikuwa nje ya mlango. Ungebisha tu. Ningekufungulia." Akaenda kuchukua zamu yake, maana simu zilikuwa zinaita na hapakuwa na mtu wa kuzipokea.

Nyumbani alifika jua lingali kali. Mume wake alikuwa mezani na gazeti, na alipomwona anaingia saa ile, mkoba begani, bila kitambulisho kifuani, akalikunja gazeti likawa dogo, kisha dogo zaidi.

"Nimekusikia," mke alisema.

Mzee hakujifanya hajaelewa. "Wamekufukuza?"

"Bado. Watanifukuza." Kisha hasira zikampanda, na hapo hakukumbuka kuta nyembamba wala jirani. "Ulikaa hapa hapa! Nikakwambia mtu anasimamishwa kazi, mwenye mtoto mchanga, nawe ukatazama kijiko! Mwanamume mzima!"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wao," mzee alisema. "Na wewe. Mwishoni nikawa siwatofautishi, mama."

Neno hilo lilimpata mke pabaya. Akavuta kiti akaketi mbele yake, na ile hasira, aliyoishikilia tangu ngazini, ikamwishia yote kwa mara moja. Miaka yote ile alikaa na watu wasiomhusu masikioni mwake, akawauliza, akawasubirisha, akawafungulia mlango, lakini huyu mmoja wa kwake yeye akamwinulia kiganja. Alimhurumia. Alijionea aibu. Akaona kwamba kazi imekwenda, lakini huyu bado yupo mbele yake, na hilo ndilo lililobaki la kuokoa.

"Haya," alisema kwa upole. "Sema sasa. Waziri, mabomba, bunge, chochote unachotaka. Hapa hapa mezani. Nakusikiliza, sikukati."

Mume wake akamtazama. Akatazama simu ya mkononi ambayo mke aliiweka mezani alipoketi.

"Zima hiyo kwanza."

Akaizima.

"Na mkoba."

"Mkoba una nini, mzee wangu? Ni mkoba tu."

"Uweke nje."

Akainuka, akauweka mkoba nje kwenye ngazi, akafunga mlango, akarudi kuketi. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, wazi, aone kwamba haina kitu. Mzee akavuta pumzi. Midomo yake ikafunguka, na mke akajiinamisha mbele kumsikia, kama alivyojiinamisha kwa maelfu ya watu asiowajua.

"Umekula?" mzee akamwuliza.

Mke akangoja kidogo, kama lingekuja neno jingine. Halikuja.

"Bado," alisema. "Sijala."